Fundi Mitambo Anajibu: Hesabu Kinachotoka Kabla ya Kinachoingia

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: ni miksa (mashine ya kuchanganya sauti) gani ya kidijitali inayofaa kununuliwa kwa ajili ya muziki wa jukwaani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi, na walioandika baadaye watanisamehe wakiona majibu yao yamefupishwa.

SWALI

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Mwanza. Miksa yetu ya analogi ya chaneli 24, yaani njia 24 za kuingizia sauti, imechoka. Vitelezi, vile vya kusogeza ili kupandisha na kushusha sauti, vinakwaruza na chaneli sita hazitoi sauti kabisa. Kamati imekusanya fedha na sasa kila mtu ana ushauri wake. Muuzaji mmoja anasema tuchukue Behringer XR18, ile isiyo na vitelezi, inayoendeshwa kwa kishikwambi. Mzee mmoja wa kanisa ana ndugu anayeuza Yamaha M7CL iliyotumika. Vijana wa mitambo wanataka Behringer X32 au Allen & Heath SQ. Tuchukue ipi? — Mwalimu wa kwaya, Mwanza

JIBU

Amina, Mwalimu. Barua yako imetaja mashine nne kwa majina, lakini haikusema hata mara moja kanisa lina spika ngapi. Hilo si kosa lako peke yako. Karibu kila anayeniandikia huhesabu maiki na vinanda, akajumlisha, akatafuta miksa yenye idadi hiyo ya chaneli, kisha wiki ya pili baada ya kununua akagundua kwamba mpiga dramu hana monita, spika ya kujisikilizia, kwa sababu matundu ya kutolea sauti yamekwisha. Ndiyo maana nilikuandikia tena kuomba orodha ya vyombo vyote na spika zote, nawe ukanitumia. Naiweka hapa ili wasomaji wengine waone hesabu inavyokwenda.

Vinavyoingia ni hivi: maiki nne za kwaya, moja kwa kila sauti, maiki tatu za waimbaji wa mbele zisizo na waya, maiki ya mimbari, maiki ya kifuani ya mchungaji, nayo haina waya, vinanda viwili, kila kimoja kwa kushoto na kulia, yaani chaneli nne, gitaa la solo, la ridhimu na la besi, dramu zenye maiki tano, na kompyuta inayotoa nyimbo na video, chaneli mbili. Jumla ni 23. Vinavyotoka ni spika kubwa za kushoto na kulia, spika za besi kwa njia yao peke yao, monita nne jukwaani, spika za hema la nje, na sauti ya kushoto na kulia kwa ajili ya matangazo ya mtandaoni. Jumla ni 10.

Kwa hesabu hiyo XR18 inajiondoa yenyewe. Ina matundu 16 ya maiki na mawili ya laini, na upande wa kutolea ina njia kuu ya kushoto na kulia pamoja na njia sita za ziada, yaani nane. Imepungukiwa pande zote mbili. Sisemi ni mashine mbaya. Kwa bendi ya watu watano inayozunguka na gari dogo, mimi mwenyewe ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Lakini hata kama ingetosha kwa hesabu, nisingependa ibada ya watu mia tano itegemee kishikwambi na Wi-Fi pekee. Niliwahi kuendesha harusi kwa mashine ya namna hiyo nikitumia Wi-Fi iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Wakati wa majaribio ukumbi ulikuwa mtupu na kila kitu kilikwenda sawa. Wageni walipoingia na simu zao mifukoni, mawasiliano yakaanza kukatika, na baba wa bibi harusi aliposimama kutoa nasaha maiki yake ikaanza kupiga mluzi huku kishikwambi mkononi mwangu kikinionyesha duara linalozunguka. Nilikimbia kutoka nyuma ya ukumbi hadi jukwaani kuchomoa waya. Tangu siku hiyo, anayenunua mashine isiyo na vitelezi namwambia aongeze na ruta ya nje ya gigahezi 5, aiweke karibu na mahali anaposimama yeye, na awe na kompyuta iliyounganishwa kwa waya kama akiba.

M7CL ilitoka mwaka 2005 na ilikuwa mashine ya heshima, na bado inatoa sauti nzuri. Ina chaneli za kutosha na njia 16 za michanganyiko, yaani michanganyiko 16 tofauti ya sauti inayoweza kupelekwa kwenye monita na spika. Shida ni umri wake, uzito unaohitaji watu wawili, na ukweli kwamba ilikwisha kuondolewa sokoni zamani, kwa hiyo skrini ikifa mtaitafuta ya kutoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kwa kanisa lisilo na fundi wa kudumu sishauri. Zaidi nimeandika katika jibu la tatu.

Zinabaki X32 na SQ. X32, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ina matundu 32 ya maiki na 16 ya kutolea, njia 16 za michanganyiko na sita za matriki, ambazo ni michanganyiko ya michanganyiko na ndizo zinazofaa kwa lile hema la nje. SQ ya Allen & Heath, kampuni ya Cornwall huko Uingereza, ilitoka mwaka 2017; inachakata chaneli 48 kwa kilohezi 96, yaani huipima sauti mara 96,000 kwa sekunde, na toleo dogo la SQ-5 lina matundu 16 ya maiki, SQ-6 lina 24, SQ-7 lina 32. Nikiulizwa ipi ina sauti safi zaidi nitasema SQ, na nikiulizwa kama waumini watasikia tofauti hiyo kupitia spika mlizonazo, nitasema sidhani. Bei ya SQ iko juu. Tofauti ya fedha inaweza kuwapatia monita mbili mpya, na monita mbili mpya kwaya itazisikia siku hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo vijana wako hawakulitaja, nalo ni njia ya kutoka jukwaani hadi kwenye mashine. Umesema miksa inakaa nyuma, mita 30 kutoka madhabahuni, na ile kebo nene ya zamani yenye nyaya nyingi ndani yake ina nyuzi zilizokatika. Kwenye miksa ya kidijitali kebo hiyo haihitajiki. Mnaweka boksi la jukwaani, kwa X32 ni lile la S16 lenye matundu 16 ya kuingizia na 8 ya kutolea, kisha waya mmoja wa mtandao unabeba sauti zote kwenda na kurudi. Tuweke hesabu yenu humo. Vipokezi vinne vya maiki zisizo na waya na kompyuta vikae nyuma karibu na mashine. Hizo ni chaneli sita. Jukwaani zinabaki 17. Boksi lina 16. Chaneli moja imezidi, na hapa ndipo watu hununua boksi la pili kwa sababu ya waya mmoja. Kinanda cha pili, kile cha kusaidia, kiingizeni kwa upande mmoja tu, na hesabu itakaa. Upande wa kutolea, spika kubwa mbili, besi na monita nne ni saba, na boksi lina nane. Hema na matangazo ya mtandaoni vitoke nyuma kwenye mashine yenyewe.

Waya huo uwe wa mtandao wa daraja la Cat5e au zaidi wenye kinga ya chuma inayounganishwa hadi kwenye vichwa vyake. Wengi hununua waya wa kawaida wa ofisini kwa sababu ni rahisi na unaingia kwenye tundu vilevile, kisha mtu akiburuta miguu kwenye zulia na kugusa jukwaa, umeme tuli unaruka na sauti inakatika au inapiga mlio. Pia msiupitishe kwenye swichi ya kompyuta. Njia hii ya X32, inayoitwa AES50, hutaka waya wa moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa. Wekeni waya wa pili sambamba na wa kwanza, hata kama hautumiki.

Sasa uchaguzi wa mwisho. Ipo X32 Compact, ndogo na nafuu kidogo, yenye matundu 16 ya maiki na 8 ya kutolea, ambayo pamoja na S16 inatosha hesabu yenu kabisa. Hata hivyo, hiyo inakuonyesha chaneli nane tu kwa wakati mmoja. Chaneli zako 22 zilizobaki zitalala katika matabaka matatu, na anayeendesha lazima akumbuke yuko tabaka lipi. X32 kubwa inakuonyesha chaneli 16 kwa mara moja. Kama mashine ingeendeshwa na fundi mmoja anayelipwa, ningesema Compact inatosha. Lakini ulinieleza kwamba vijana wanapokezana kila Jumapili, na mmoja wao ana miaka 16. Kwa sababu hiyo peke yake, mkiweza kuongeza fedha, chukueni kubwa pamoja na S16 moja.

Matabaka ndiyo yanayowatesa wanaotoka kwenye analogi. Kwenye mashine ya zamani kitelezi cha saba kilikuwa cha mchungaji jana, leo na kesho. Kwenye hii, kitelezi hichohicho kinaweza kuwa cha mchungaji, cha gitaa la besi, au kiasi cha sauti ya mchungaji kinachokwenda kwenye monita ya kwaya, kutegemea kitufe kilichobonyezwa. Nimeona kijana mwenye masikio mazuri kabisa akiongeza sauti ya mahubiri kwa nguvu zake zote na kanisa lisisikie chochote, huku wanakwaya wakiziba masikio, kwa sababu mwenzake wa ibada ya kwanza aliacha kile kitufe cha kupeleka vitelezi kwenye monita kikiwa kimewashwa. Wafundishe wote kwamba kitu cha kwanza, kabla ya kugusa kitelezi chochote, ni kutazama taa ya kitufe hicho. Kisha kila chaneli ipewe jina na rangi kwenye kidirisha chake: kwaya rangi moja, vyombo rangi nyingine, na mchungaji rangi ambayo hakuna mwingine anayo.

La mwisho kwako ni gaini, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maiki inapoingia kwenye mashine. Maiki moja inapolisha spika kubwa na monita nne, zote zinakunywa kwenye bomba moja, na ukigeuza gaini katikati ya ibada umebadilisha sauti kila mahali kwa pamoja. Weka gaini wakati wa mazoezi, mwimbaji akiimba kwa nguvu halisi na si kwa kunong'ona moja-mbili-tatu, sauti ya kawaida ikae karibu na desibeli 18 chini ya kilele, yaani kikomo cha sauti ambayo mashine inaweza kubeba, kisha usiiguse tena. Kwenye analogi, taa nyekundu ilikuwa onyo ambalo wengi tulizoea kulipuuza. Kwenye dijitali juu ya kilele hakuna kitu. Sauti inapasuka papo hapo.

SWALI

Assalamu alaykum. Sisi ni kikundi cha taarab hapa Unguja, watu 12. Kila tukialikwa sasa tunakuta miksa za kidijitali, na mzee wetu wa ganuni anasema mashine hizo huchelewesha sauti na kuikausha. Mpiga fidla anasema dawa ni kutafuta yenye kilohezi 96 badala ya 48. Tunataka kununua yetu. Nani kati yao yuko sahihi? — Msomaji, Unguja

JIBU

Waalaykumu salaam. Mzee yuko sahihi kwa yale anayoyasikia, ila mkosaji aliyemtaja siye.

Kuchelewa kupo, kwa kuwa mashine lazima igeuze sauti kuwa namba, izipige hesabu, kisha izigeuze tena kuwa sauti. Kwenye X32 safari hiyo, kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea, huchukua milisekunde 0.8, ikipitia boksi la jukwaani ni 1.1. Kwenye SQ ni chini ya 0.7. Sasa sauti hewani husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Kwa hiyo kuchelewa kwa X32 ni sawa na kuisogeza monita nyuma kwa shibiri moja na vidole viwili, na hata ukiongeza boksi la jukwaani hujafika dhiraa. Mpiga fidla aliyekaa mita tatu kutoka kwenye dumbaki anaisikia kwa kuchelewa karibu milisekunde 9, na hajalalamika maisha yake yote.

Kuna hali mbili ambapo kuchelewa huanza kuuma. Ya kwanza ni pale mwimbaji anapotumia monita za masikioni, kwa kuwa sauti yake mwenyewe inamfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, kisha ya mashine inakuja nyuma kidogo na zile mbili zinagombana, akahisi koo lake limekuwa jembamba. Ya pili ni mlolongo: maiki isiyo na waya ya kidijitali inaongeza milisekunde zake, kompyuta ya mwangwi inaongeza zake, na kisha mtu anaunganisha spika ya Bluetooth kwa ajili ya wageni wa nje, ambayo inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100. Hapo mzee ana haki ya kuweka ganuni chini.

Kuhusu kukauka, nataka kujua fundi aliyewahudumia alikuwa amewasha nini. Miksa hizi zina geti na kompresa, ambayo hubana sauti inapozidi, katika kila chaneli, na fundi aliyezoea bendi za dramu huviwasha vyote kwa mazoea. Geti hufunga maiki sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani. Kwa dramu ni jambo zuri. Kwa ganuni ni dhambi, maana uzuri wa ganuni uko katika ule mkia wa nyuzi unaofifia polepole baada ya kidole kuondoka, na geti inaukata pale unapoanza kuwa mtamu. Mkifika ukumbini, kabla hata ya salamu kwisha, mwombeni fundi azime geti kwenye ganuni, udi na fidla zote.

Kilohezi 96 hakitawaondolea hilo. Mashine ya kilohezi 48 hubeba mawimbi hadi kilohezi 24, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20. Letu sisi wenye mvi huishia chini zaidi. Faida ya 96 iliyo dhahiri ni kupunguza kuchelewa kidogo, nayo tumekwisha kuipima kwa shibiri.

Nyinyi hasa mnapaswa kutazama upande wa kutolea. Taarab ina maiki nyingi zilizo wazi kwa wakati mmoja, na kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu mnapoteza karibu desibeli 3 za nafasi kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Kutoka maiki moja hadi nane ni desibeli 9. Kwa hiyo mnataka ekolaiza nzuri, ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, katika kila njia ya monita, siyo kwenye chaneli tu. X32 ina ekolaiza ya bendi sita kwenye kila mchanganyiko, na hiyo inatosha kuupata mluzi ulipo na kuuchoma bila kuiharibu sauti nyingine. Hesabuni pia monita: mwimbaji, fidla, ganuni na udi, midundo, akodioni. Ni tano. Mashine yenye njia sita za ziada, kama ile XR18, itawatosha vizuri, mradi mzingatie niliyomwambia mwalimu wa Mwanza kuhusu ruta.

SWALI

Nina biashara ya kukodisha vyombo Mombasa. Nimeletewa Yamaha LS9-32 na M7CL-48 zilizotumika kutoka ng'ambo kwa bei ya kuvutia. Wakati huohuo, mapromota wananiletea orodha za vifaa ambavyo mafundi wa wasanii wanavitaka, na humo naona majina nisiyokuwa nayo. Ninunue hizi au nisubiri? — Mkodishaji, Mombasa

JIBU

Kaka, wewe hununui miksa ya kutumia mwenyewe. Unanunua miksa ambayo mtu usiyemjua ataikuta saa nane mchana, jua kali, ana saa moja ya kuiandaa, na asipoijua atamlalamikia promota, naye promota atakupigia wewe. Kwa hiyo jambo la kwanza si ubora bali mazoea ya mafundi. Yamaha ilijipatia nafasi hapo mapema: PM1D mwanzoni mwa miaka ya 2000, PM5D mwaka 2004, M7CL mwaka 2005, LS9 mwaka 2006, kisha CL mwaka 2012 na QL mwaka 2014. Mafundi wengi wa umri wangu walijifunzia kwenye M7CL na LS9, lakini vijana wa sasa wanaozunguka na bendi wengi wamekulia kwenye X32, na anayeijua X32 anaiendesha Midas M32 bila kufundishwa upya, kwa kuwa zimejengwa kwa mpango mmoja. Ungeniuliza mashine moja ya kukodisha kila wiki, ningekuambia M32 au SQ-7 mpya. LS9 ichukue kama bei yake ni ya kuvutia kwelikweli, iwe ya mikutano na harusi. M7CL-48 iache, labda uipate kwa bei ya chuma chakavu na uwe na fundi wa bodi anayekaa jirani.

Ukienda kuitazama LS9, nenda na maiki moja, waya mmoja, spika moja na muda wa asubuhi nzima. Anza nyuma ya mashine: soma bati la umeme, maana zipo zilizotengenezewa masoko ya volti 120 au 100, na hizo ukizichomeka kwenye 240 ya Kenya biashara inaweza kuisha hapo hapo. Iwashe, uone kama inaleta ujumbe wa betri dhaifu, kwa sababu ndani kuna betri ndogo inayotunza kumbukumbu. Mwombe muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yako; kama imefungwa kwa neno la siri na hana, ondoka. Tengeneza mipangilio miwili, mmoja vitelezi vyote vikiwa juu na mwingine vyote vikiwa chini, uite huu na ule mara kumi huku ukitazama. Kitelezi kinachofika kwa kusitasita mota yake inachoka. Kisha pita tundu kwa tundu kwa ile maiki yako, pamoja na umeme wa volti 48 ambao baadhi ya maiki huutegemea, na upande wa kutolea vivyo hivyo.

Baada ya hapo kunywa chai, uache mashine ikiwaka, urudi upime tena. Mimi nililipa fedha za somo hili. Nilinunua mashine iliyotumika kutoka kwa mtu niliyemwamini, tukaipima dakika 15, ikawa nzuri. Jioni yake, ilipopata joto la dakika 40 hivi, chaneli ya 9 hadi ya 16 zikanyamaza kwa pamoja, kwa kuwa aghalabu matundu nane hukaa kwenye bodi moja na bodi hiyo ilikuwa na ufa usioonekana ikiwa baridi. Muuzaji akaniambia ilikuwa nzima iliponitoka mkononi mwake, na hakusema uongo.

Kwa hewa ya chumvi ya pwani, ifunike kila inapozimwa, na mkatazeni yeyote kupulizia kwenye vitelezi ile dawa ya kulegeza kutu. Italainisha kwa wiki moja, kisha itashika vumbi na kuwa gundi.

SWALI

Hapa Kigoma umeme unakatika na kurudi mara kadhaa kwa usiku mmoja. Miksa yangu ya zamani ilikuwa ikirudi mara moja. Hii ya kidijitali inanifanya nisubiri iwake upya huku ukumbi mzima ukinitazama. Je, nirudi kwenye analogi? — Msomaji, Kigoma

JIBU

Usirudi. Nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, na uihesabie bei yake kama sehemu ya bei ya miksa. X32 hula takribani wati 120, kwa hiyo hata UPS ndogo ya ofisini ya VA 650, yenye betri nzima, itaishikilia mpaka jenereta iwake. Chomeka humo miksa, ruta na vipokezi vya maiki peke yake. Boksi la jukwaani linahitaji UPS yake ndogo kule mbele, jambo ambalo watu husahau. Miksa inabaki hai nyuma lakini macho na masikio yake yamezimika. Amplifaya usiziunganishe kabisa, zitaimaliza betri kwa sekunde chache.

Jenereta likiwaka, usiunganishe mara moja. Liache litulie dakika moja mbili, upime volti kwa mita, ndipo ubadilishe. Kama volti inapanda na kushuka taa zikipumua, weka kidhibiti cha volti kabla ya UPS.

Kila baada ya kumaliza majaribio ya sauti, hifadhi mpangilio ndani ya mashine na kwenye kidude cha USB ukiweke mfukoni. Ila unapouita mpangilio uliohifadhiwa watu wakiwa ukumbini, hakikisha chaneli ya mshereheshaji umeikinga isibadilike, kwa kuwa mashine itarudisha kila kitu kama kilivyokuwa saa kumi jioni, pamoja na maiki yake ikiwa imezimwa. Na umeme ukikatika kabla hujanunua hiyo UPS, kimbilia kwanza kuzima amplifaya, kisha ndipo uisubiri miksa iwake. Spika ziwe za mwisho kuwashwa na za kwanza kuzimwa.